Nafasi ya Rhoda Greene katika Masimulizi ya Uongofu wa Familia ya Young

Masimulizi ya kuhama kwa familia ya Young kutoka Umethodisti hadi Umormoni mara nyingi hujengwa kumzunguka Brigham Young, aliyebatizwa mwaka 1832 na baadaye akawa kiongozi mkuu wa Wamormoni. Hata hivyo, kumbukumbu za Lucy Mack Smith, mama wa mwasisi wa dini hiyo, zilizochapishwa Liverpool mwaka 1853, zinamtanguliza mhusika mwingine: Rhoda Greene, dada yake Brigham na mke wa mhubiri wa Kimethodisti, John P. Greene. Uhakiki huu unadai kwamba Rhoda ndiye msomaji anayeipa sura hiyo uzito wake, ingawa msimulizi mwenyewe anamwacha upesi.

Mwaka 1830, Samuel Smith, mwana wa Lucy, alizunguka vijiji vya jimbo la New York akiuza Kitabu cha Mormoni. Lucy anasimulia kwamba Greene hakuvutiwa nacho, ila alikubali kuwatafutia wengine, hakupatikana mnunuzi. Mkewe ndiye aliyekisoma na kukipenda. Samuel alipomwachia nakala na kumsihi amwombe Mungu anaposoma, alibubujikwa na machozi. Baadaye alimshawishi mumewe akisome.

Kifani, tukio hili limejengwa kwa malighafi ya Kimethodisti: mjumbe anayesafiri, sala ya faragha, machozi na ushuhuda wa moyo. Kwa hiyo, msomaji haoni familia inayotupa imani yake ya kale, bali inayotumia mazoea ya imani hiyo kuipima mpya.

Masimulizi ya Phinehas Young, kaka yake Rhoda na mhubiri wa Kimethodisti pia, yanatoa picha tofauti. Yeye alikipokea kitabu kutoka kwa Samuel huyohuyo, akakisoma kwa nia ya kufichua makosa yake, na asipoyaona akakitetea mbele ya waumini wake. Dada yao Fanny anatajwa, lakini kama msomaji wa baadaye anayethibitisha hukumu ya wanaume. Kwa Phinehas uongofu ni hoja. Kwa Lucy ni maombi yanayoanzia kwa mwanamke wa nyumba.

Pamoja na hayo, ushahidi wa Lucy una mipaka. Hakuwapo nyumbani kwa Greene. Isitoshe, alimwimlia Martha Jane Coray kumbukumbu hizo katika majira ya baridi ya 1844 na 1845, miezi michache baada ya kuwapoteza Joseph, Hyrum na Samuel. Ni sauti ya mama anayeomboleza; machozi ya Rhoda yanatumika pia kuthibitisha kwamba taabu ya Samuel haikupotea bure. Mumewe anaposhawishika, Rhoda hana kazi tena katika hadithi.

Mwaka 1865, Brigham Young aliamuru nakala za kitabu hicho zikusanywe, kwa madai kwamba kilikuwa na makosa. Hakuna msingi wa kudai kwamba sura ya dada yake ndiyo iliyomkera. Hata hivyo, amri hiyo iligusa maandishi yaliyohifadhi nafasi ya Rhoda katika safari ya familia. Mhakiki anayeanza na ubatizo wa 1832 anaanzia katikati ya safari; kabla yake palikuwa na mwanamke aliyekwisha kusoma.