Vipande 270, Mishono 269

Mablanketi ya viraka yasiyomalizika hukwama karibu yote mahali pamoja. Si kwenye kukata, maana kukata kuna raha yake, wala si kwenye kuunga vipande vya mwanzo. Hukwama siku ambayo uso wa juu umekamilika na sasa lazima utandikwe: shuka la nyuma chini, tabaka la joto katikati, uso wenye viraka juu, yote matatu yanyooshwe na kushikizwa kabla hayajasogea. Kazi hiyo inataka sakafu tupu, saa kadhaa bila kuitwa, na mikono ya ziada. Katika nyumba yenye watoto wa shule na jiko lisilopoa, vitu hivyo vitatu havikutani siku moja. Basi uso unakunjwa, unawekwa juu ya kabati, na mwaka mwingine unaingia.

Blanketi ninalolichambua hapa lilimalizika. Lilishonwa Shirere, pale mji wa Kakamega unapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi, na mshonaji ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu. Ana watoto watatu, asubuhi yuko dukani mjini, jioni yuko jikoni, na cherehani yake ni ya miguu. Wanaoliona blanketi humsifu kwa subira. Naona wanampunja. Subira anayo kama watu wengine. Kilicholimaliza blanketi ni hesabu iliyofanywa kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kitanda ni cha futi 4 kwa 6. Blanketi likapangiwa futi 5 kwa 6, ili nusu futi ining'inie kila ubavu. Kipimo cha kazi kikawa mraba wa futi moja: miraba 5 kwa upana, 6 kwa urefu, jumla 30. Kila mraba una vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja kikionekana inchi 4 baada ya kushonwa. Mshono hula robo inchi kila upande, kwa hiyo kipande hukatwa inchi 4 na nusu. Tisa mara thelathini ni 270. Na kwa kuwa kila mshono hugeuza vitu viwili kuwa kimoja, vipande 270 vitadai mishono 269, uanzie pembe yoyote unayotaka. Mraba mmoja una mishono minane: mifupi sita ya kupata safu tatu, mirefu miwili ya kuziunga safu hizo. Miraba yote ikila 240, inabaki 29 ya kuunganisha miraba yenyewe.

Hiyo 240 ndiyo kazi inayovumilia kuingiliwa. Mshono wa inchi 4 na nusu huisha kabla mtoto hajamaliza kueleza kilichomleta. Ile 29 haivumilii, kwa sababu kila mmoja ni mrefu na kitu kinachoshonwa kinazidi kuwa kizito. Shemeji alizipa kazi hizi mbili nyakati tofauti kabisa za siku, hata za mwaka, na sijamwona akizichanganya.

Vitambaa vilitoka kwa mafundi wa nguo mjini, wale wanaokaa na mashine zao kwenye veranda za maduka. Mabaki ya kitenge yapo tele, na mabaki ya sare za shule hujaa kila mwanzo wa mwaka. Hapa kuna mtego. Kitenge cha pamba hupungua kikifuliwa mara ya kwanza, na rangi zake nzito, hasa nyekundu na buluu ya kiza, huchuja. Kitambaa cha sare chenye polista hakipungui. Ukivishona pamoja vikiwa vipya, siku ya kufua kitenge kitajivuta na jirani yake atabaki alivyo, uso mzima utakunjamana. Kwa hiyo kila kipande kilifuliwa kwanza, chekundu kikirudiwa mpaka maji yatoke meupe. Fulana alizikataa zote, na alikuwa sawa: kitambaa cha kufuma huvutika, na kikivutika inchi 4 na nusu si tena inchi 4 na nusu.

Kukata hakukubali vipindi vya dakika kumi. Kunataka meza, chaki, mkasi mkali usiofikiwa na mtoto mdogo, na macho yasiyohamahama, kwa sababu kipande kikikatwa mshazari, nje ya mwelekeo wa nyuzi, kitanyooka kikivutwa hata kama kipimo chake kilikuwa kamili mezani. Alikata Jumapili alasiri, kaka yangu akiwa na watoto. Kielelezo chake alikichonga kutoka ubavu wa mtungi wa mafuta ya kupikia. Cha kadibodi alikijua tabia: kila chaki inapopita, ukingo unalika kidogo, na kipande cha mia si ndugu wa kipande cha kwanza.

Baada ya kukata ndipo ilipokuja hatua ninayoiona bora kuliko zote, na ambayo wageni hawaioni kwenye blanketi. Alipanga rangi za kila mraba siku hiyohiyo, kisha akatia vipande tisa katika pakiti tupu ya unga ya kilo mbili na kuifunga mdomo kwa pini. Pakiti 30 zikasimama kwenye boksi kando ya cherehani. (Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, pakiti ya unga imekuwa na kazi nyingi kuliko alivyokusudia msagaji.) Maana yake ni kwamba uamuzi wote wa rangi ulifanyika mara moja, akili ikiwa imetulia. Maharagwe yakiwa jikoni na nafasi ya robo saa ikijitokeza, hakuna kuchagua, hakuna kutafuta, hakuna kuuliza hii inakwenda na ipi. Ni kufungua pakiti na kushona. Washonaji wengi hudhani wanakosa muda, kumbe muda upo na unaliwa na kuchagua.

Kwenye mashine kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni mlolongo. Jozi ya vipande ikitoka chini ya sindano, uzi haukatwi. Jozi inayofuata inasukumwa nyuma yake, na nyingine, mpaka zinatoka zimeshikana kwa nyuzi fupi. Hukatwa mwishoni zote pamoja. Uzi unaokolewa ni mwingi kuliko unavyodhani, na mguu haupotezi mwendo wake kwenye kanyagio.

La pili ni utepe wa plasta aliobandika kwenye bamba la mashine, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kitembee kikiugusa. Tuseme mshono umezidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, unene ambao jicho halioni. Kipande kinapoteza hivyo pande zote mbili, yaani moja ya nane. Safu ya blanketi ina vipande 15 kwa upana. Moja ya nane mara 15 inakaribia inchi 2. Safu iliyoshonwa asubuhi kwa utulivu na safu iliyoshonwa usiku kwa uchovu zitatofautiana inchi 2, na hakuna kuvuta kutakakozipatanisha. Anayeshona vipandevipande, leo amechoka na kesho ana haraka, ana haja kubwa zaidi ya utepe huo kuliko fundi anayeshona siku nzima kwa mkono mmoja.

Kupiga pasi sitakaa nako. Mishono ya safu ya kwanza ililazwa kulia, ya pili kushoto, ili makutano yakumbane yasiachie pengo. Stima ilipopotea alikunja kwa ukucha, na kitenge kilikubali. Sare haikukubali.

Sasa turudi pale wengi wanapokwama. Shemeji hakutandika blanketi lolote sakafuni, kwa sababu hakusubiri uso ukamilike. Kila mraba ulipopata vipande vyake tisa, ulipewa tabaka lake la katikati na kitambaa chake cha nyuma, ukashonwa matabaka yote matatu ukiwa bado futi moja kwa futi moja. Mistari ilifuata mishono ya ndani, miwili hivi na miwili vile, ikisimama inchi moja kabla ya ukingo. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya cherehani ya nyumbani haifiki futi moja. Kulipitisha pale blanketi zima lililoviringishwa ni mieleka. Mraba mmoja unapita bila neno.

Inchi ile iliyoachwa wazi ndiyo inayowezesha kuunganisha. Miraba miwili inashonwa nyuso zake tu kwa mashine, tabaka la katikati na la nyuma yakiwa yamekunjwa pembeni. Kisha inalazwa kifudifudi, kingo za katikati zinakutana bila kupandana, kitambaa kimoja cha nyuma kinalala, cha pili kinakunjwa juu yake na kushonwa kwa mkono. Kazi hiyo ya mkono ni ya kochi: taarifa ya habari inaendelea, mtoto anasomewa. Aliunganisha miraba mitano kuwa safu, akaiweka kando, akaanza safu nyingine, kwa hiyo pajani hapakuwahi kuwa na zaidi ya futi 5 kwa 1 mpaka mishono mitano ya mwisho. Hiyo mitano aliiweka likizo ya Agosti, binti mkubwa akishika upande wa pili.

Njia hii ina gharama yake. Mgongo wa blanketi una gridi ya mapindo, na ukilipapasa gizani unajua pa kulalia. Anayetaka mgongo laini atandike sakafuni kama zamani. Nairobi wako Amani ya Juu, karakana ya wanawake iliyoanza mwaka 1996, wanaoshona mablanketi ya aina hii. Karakana ina meza na saa za kazi, na blanketi la karakana halikunjwi kila jioni ili watu wapate pa kulia chakula.

Kwa asiye na mashine, ningemwelekeza kwingine kabisa, kwa Wasiddi wa Karnataka, India. Hawa ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi wakiwa watumwa, na wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi. Hakuna miraba wala kielelezo. Nguo kuukuu huchanwa na kulazwa, mara nyingi juu ya sari iliyochakaa, na mshonaji huanzia pembeni, akikunja ukingo wa kiraka na kupiga bandi kwa mkono kupitia matabaka yote kwa pamoja, akizunguka mzunguko baada ya mzunguko mpaka afike katikati. Pembe nne humaliziwa kwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu. Kitaalamu ni jibu zuri kwa tatizo lilelile: hakuna kutandika baadaye kwa kuwa matabaka yanashonwa tangu kiraka cha kwanza, na sindano yaweza kuachwa popote. Kwa Shirere lingekuwa na kasoro moja, kwamba lote liko pajani tangu siku ya kwanza.

Tabaka la katikati la blanketi la Shirere lilikuwa blanketi kuukuu jembamba, limekatwa vipande vya inchi 12. Ukitia pamba huru lazima mishono ibanane, la sivyo pamba itahama ikifuliwa na kukusanyika pembeni. Blanketi lililofumwa halihami, ndiyo maana mistari ya kila inchi 4 ilitosha. Hapo ameokoa kazi nyingi kwa uamuzi mmoja, ila amejinunulia uzito. Kakamega haina uhaba wa mvua, na mawingu hupenda kuja alasiri. Blanketi hili likilowa huhitaji watu wawili kulikamua, na lisipofika kambani asubuhi na mapema litalala mbichi. Ningeweka shuka mbili kuukuu badala yake. Tumebishana juu ya hilo. Anasema sijui baridi ya Julai ya huko, nami nasema kitanda kina blanketi jingine.

Watoto walihusika kwa namna mbili. Walihesabu pakiti, na walizipunja. Mwalimu akiagiza vitambaa vya kutengenezea mwanasesere, boksi kando ya cherehani linajulikana liliko. Baadaye shemeji akaweka boksi la pili la mabaki mabovu, fulana zile zilizokataliwa, na amani ikapatikana. Kupanga miraba 30 kulifanyika sakafuni mara moja tu, watoto wakihamisha wanavyoona inapendeza, kisha ikapigwa picha kwa simu, kila safu ikafungwa pamoja na kijikaratasi cha namba. Sakafu ikarudi kwa wenyewe kabla ya ugali.

Jirani wameanza kuuliza bei. Nilimuuliza kama atashona jingine la namna hii la kuuza. "Mulamwa (yaani shemeji), hili ni la nyumbani," akasema. "La kuuza nitakata inchi sita na nusu." Kisha akanifanyia hesabu hapo hapo: vipande vinne kwa kila mraba wa futi moja, 120 kwa blanketi zima, mishono 119, na ile 29 ya kuunganisha haipungui hata mmoja, kwa hiyo bei ataanza kuihesabu kutoka hapo.