Ndege wa Kutubu na feza ya kompani

Kitabu cha Jared Diamond, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2005 kwa jina la Collapse, kinasomwa kati yetu kwa Kifaransa: Effondrement. Wengi wanakumbuka habari za Kisiwa cha Pasaka. Sisi tunataka kusema juu ya sura moja tu, ile ya makompani makubwa, kwani imetusumbua.

Mwandishi anasimulia pahali pawili pa petroli. Kwanza Salawati, kisiwa cha Indonesia, mwaka 1986: barabara zimekatwa pana kupita kiasi, gazi inawaka bure. Kisha Kutubu, katika milima ya Papua Guinea Mpya, ambako Chevron ilitoa mafuta tangu 1992 mpaka kuuza sehemu yake mwaka 2003. Huko barabara ni nyembamba, wafanyakazi wanakatazwa kuwinda, ndege wanajaa. Anasifu waziwazi. Lakini ukiweka kando ya Salawati, kitu gani hakitaonekana kizuri?

Hatusemi kwamba amedanganya. Ndege aliwaona kwa macho yake, naye ni fundi wa ndege kweli. Bali nani alimpeleka? Ni WWF, shirika ambalo yeye alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa tawi lake la Marekani. Nayo kazi ya WWF katika bonde la Kikori ilisaidiwa kwa feza ya Chevron na wenzake. Mwandishi hafichi neno hili. Analisema, halafu anaendelea kama mtu aliyekwisha kuungama. Hapo ndipo hatupatani naye. Kutaja aliyelipa safari si sawa na kujiuliza: safari ile ilinionyesha nini, na nini haikunionyesha? Ndege hawajui namna feza ya petroli inavyogawanywa. Wafoe na Wafasu, wenye udongo, wanajua. Lakini wenye udongo wanatokea humu zaidi kama hatari ya kuogopwa na kompani, kufwatana na mfano wa mgodi wa Bougainville uliofungwa mwaka 1989.

Tusimhukumu kwa haraka. Siku moja kompani fulani ilitupa simenti ya kanisa, tukashukuru. Miezi mingi ilipita mbele ya kutambua kwamba hatukuhubiri tena juu ya mshahara wa wafanyakazi wake. Hakuna mtu aliyetukataza.

Sura hii isomwe katika seminari, pole pole, kalamu mkononi. Na kila pahali mwandishi anapoandika jina la ndege, msomaji atafute pembeni jina la mwenyeji.