Kompresheni ya Baiskeli ya Injini: Pima Bonde Kabla ya Mlima

Mwenye baiskeli ya injini anayeishi Leadville, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, anaendesha kwenye mwinuko wa takriban mita 3,100. Akishuka Denver yuko mita 1,609. Huko juu injini yake ndogo huchoka mapema, na ushauri anaopewa mara nyingi ni kuongeza kompresheni. Ushauri huo ni wa kweli, ila una mpaka wake, na mpaka huo hauwekwi na kilele. Unawekwa na sehemu ya chini kabisa ambayo baiskeli itafika.

Tuchukue injini iliyozoeleka kwenye baiskeli hizi: ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Kipenyo cha silinda ni milimita 47, na pistoni husafiri milimita 40. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 69, ingawa madukani huitwa 66 au 80. Kompresheni inayotoka nayo ni ya chini. Kwa hesabu yetu tuseme 6:1. Maana yake, hewa hubanwa hadi moja ya sita ya ujazo wake, na pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki chini ya kichwa cha silinda ni karibu sentimita za ujazo 13.9.

Kwa wastani, kanieneo ya hewa Denver ni asilimia 82 ya ile ya pwani. Leadville ni asilimia 68. Hewa ikianza kubanwa ikiwa dhaifu, humaliza ikiwa dhaifu, na cheche huikuta haijakazwa vya kutosha. Ili mwisho wa kubana uwe na nguvu sawa na wa 6:1 pwani, Denver inahitaji kama 7:1 na Leadville kama 8:1. Nafasi ya kichwa sasa iwe 11.6 kwa Denver na 9.9 kwa Leadville. Ni kweli kwamba injini ya mipigo miwili huanza kubana pale tu tundu la eksozi linapozibwa, lakini hata ukihesabu kuanzia hapo, jibu halisogei sana.

Je, unapata nini? Kutoka 6:1 hadi 8:1, nadharia inatoa nyongeza ya takriban asilimia 11 ya kazi kutoka kwenye hewa ile ile. Leadville imekunyang'anya asilimia 32 ya hewa yenyewe. Kwa hiyo injini iliyobaki na 68 kwa mia itafika 76 hivi. Kompresheni huitumia vizuri hewa iliyopo. Haileti hewa isiyokuwepo.

Kazi yenyewe hutaka vipimo. Pistoni ikiwa juu kabisa, jaza oili kwa bomba la sindano kupitia tundu la plagi, usome kiasi kilichoingia. Kisha kichwa kikwanguliwe kidogo kidogo au gasketi nyembamba ifungwe, na kipimo kirudiwe. Kwa kipenyo hiki, kila nusu milimita inayoondoka kwenye gasketi hupunguza kama sentimita za ujazo 0.87. Ingiza pia waya laini wa lehemu ukingoni mwa silinda, uzungushe injini kwa mkono, upime unene wa waya ulipobanwa. Hapo ndipo utajua kama pistoni ina nafasi ya kupita bila kugonga kichwa.

Lakini kabla ya kugusa kichwa, kuna mambo mawili yenye faida ya haraka. La kwanza ni jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli. Leadville, jeti ya pwani hutoa mchanganyiko wenye petroli zaidi kwa karibu moja ya tano. Plagi hushika masizi na nguvu hupotea bure; dawa yake ni jeti ndogo zaidi. La pili ni sproketi ya nyuma. Kuondoa ya meno 44 na kufunga ya meno 50 huongeza msukumo wa gurudumu kwa karibu asilimia 14, zaidi ya kompresheni yote ile, na gharama yake ni kupungua kwa kasi ya juu tu.

Sasa tushuke. Injini ya 8:1 yenye jeti ndogo ya Leadville ikifika Denver, mwisho wa kubana hupanda kwa karibu asilimia 20, na wakati huohuo petroli inapungua kwenye mchanganyiko. Joto linaongezeka kutoka pande zote mbili. Tena vituo vingi vya Colorado huuza petroli ya kawaida ya oktani 85, ambayo hustahimili joto hilo kwa shida. Injini huanza kugonga, pistoni huyeyuka ukingoni au kujamu ndani ya silinda.

Hukumu yangu ni hii: anayekaa Leadville bila kushuka achukue 8:1. Anayepanda na kushuka aishie 7:1, abebe jeti mbili, na kubwa ifungwe kabla ya kuteremka. Hesabu ni ileile kwa fundi wa Nairobi au Mbeya, miji iliyo juu kidogo kuliko Denver: 7:1 inawafaa, mradi safari ya Mombasa au Dar es Salaam ianze na kubadilisha jeti na kujaza petroli ya oktani ya juu.