Picha za Miezi ya Zohali

Watu husema kuwa picha haina ulimi wa uongo. Nakuomba uiweke kando kauli hiyo kwa kitambo, tukae pamoja mbele ya picha chache za miezi ya Zohali, nasi tuzipime kama tupimavyo shairi au hadithi: zimeonyesha nini, zimeficha nini, na mkono wa nani umepita juu yake.

Tuanze na mwezi uitwao Dione. Mnamo Novemba 1980 chombo cha Marekani, Voyager 1, kilipita karibu na Zohali kikaupiga picha mwezi huo kutoka mbali. Upande wake mmoja ulionekana umetapakaa michirizi myeupe, myembamba, mithili ya moshi wa ubani. Wataalamu waliitazama wakadhani kwamba ni sakitu iliyotoka katika nyufa ikatua juu ya ardhi. Fasiri hiyo ilikuwa nzuri, nayo ilidumu miaka 24. Desemba 2004 chombo kingine, Cassini, kiliusogelea mwezi ule ule kwa karibu zaidi. Sakitu haikuwako. Palikuwa na magenge ya barafu, maangavu, yaliyosimama pale ardhi ilipopasuka. Je, picha ya kwanza ilidanganya? Sioni hivyo. Kila nukta yake ilibeba kilomita nyingi za nchi, na jicho la binadamu likayajaza kwa dhana mambo ambayo nukta haikuyasema. Wala siwalaumu wasomaji wake wa kwanza, maana waliyasema maneno yao kama dhana, wakauacha mlango wazi kwa atakayekuja na macho makali zaidi.

Sitakawia kwa Mimas, ingawa kasoko yake iitwayo Herschel, yenye upana wa kilomita 130 hivi katika mwezi usiotimiza upana wa kilomita 400, huwapendeza sana vijana. Picha ile husema yote kwa mtazamo wa kwanza, na ikiisha kusema hunyamaza.

Enceladus ni habari nyingine. Ni mwezi mdogo, wenye upana wa kilomita 500 hivi, mweupe kupita kiasi, kwa kuwa barafu yake hurudisha karibu mwanga wote unaouangukia. Picha yake ipendwayo sana ilitokana na ziara ya Cassini ya Julai 2005. Ndani yake kuna tufe jeupe, na kusini kwake nyufa nne za rangi ya samawati, kila moja na urefu wa kilomita 130 hivi, zilizokwenda sambamba kama makucha yaliyopita juu ya ngozi. Majina ya nyufa hizo hayatakuwa mageni kwako: Baghdad, Cairo, Damascus na Alexandria. Wataalamu wa falaki walikubaliana kwamba mahali pote katika mwezi huo papewe majina kutoka Alfu Lela Ulela, na kwa jambo hili nawasifu.

Lakini samawati ile yataka mhakiki. Kamera ya Cassini ilipiga picha za kijivu tu, moja baada ya moja, kupitia vichujio mbalimbali. Rangi huzaliwa baadaye, picha hizo ziunganishwapo. Katika picha hii mwanga wa kijani uliunganishwa na miali ya aina mbili ambayo jicho letu haliioni kabisa, mmoja ulio ng'ambo ya urujuani, wa pili ng'ambo ya wekundu. Kama ungesimama huko kwa macho yako, ungeona weupe juu ya weupe. Hata hivyo samawati ina maana yake: inatenga barafu ya chembe kubwa, iliyo ndani ya nyufa, na unga laini uliofunika nchi jirani. Basi rangi hiyo ni lugha, na lawama yangu ni kwa wale wanaoichapa picha katika vitabu na mabango bila kuandika chini yake kwamba ni lugha. Mwanafunzi huondoka akiamini ameuona mto wa buluu.

Ukinitaka nichague, nitaichagua picha nyingine, isiyo na madaha. Ilipigwa Novemba 2005, wakati jua lilipokuwa nyuma ya Enceladus kwa upande wa chombo. Sehemu kubwa yake ni giza. Mwezi wenyewe ni hilali nyembamba, na kutoka kusini kwake panapanda michirizi hafifu ya mwanga. Umepata kuona jinsi vumbi la chumbani lisivyoonekana mpaka mshale wa jua upenye dirishani? Ndivyo ilivyokuwa. Chembe za barafu zilikuwa zikifoka kutoka katika zile nyufa nne, na kwa mwanga wa mbele zisingeonekana. Picha hiyo ilitolewa pia kwa sura ya rangi, ili kuonyesha jinsi wingu lile hafifu lilivyofika mbali. Sura hiyo ina faida yake, lakini ile ya kijivu inanitosha.

Picha ile iligeuza safari. Cassini ilipelekwa mara kadhaa kupita ndani ya michirizi yenyewe, na mwezi Oktoba 2015 ilipita kilomita 49 tu juu ya barafu. Katika safari hizo ilikuta maji, chumvi, na gesi ya haidrojeni, dalili za bahari iliyofichwa chini. Ndipo waliokiongoza chombo walipopatwa na hofu mpya. Mafuta yalikuwa yakiisha, na chombo kilichokosa mwongozo chaweza siku moja kuanguka popote, hata juu ya Enceladus, kikayachafua maji yake kwa vijidudu vya dunia yetu. Wakakielekeza ndani ya Zohali, kikateketea tarehe 15 Septemba 2017. Siku mbili kabla ya hapo, kamera yake iliutazama Enceladus ukizama polepole nyuma ya ukingo wa Zohali.