Nusu Isiyochorwa: Fani ya Mchoro wa Umeme wa Lori la Zamani

Mchoro wa umeme wa lori la Kiingereza la miaka ya 1960, tuseme Bedford TJ lililoanza kuundwa mwaka 1958, ni maandishi yanayosomwa kwa mikono yenye grisi. Fundi hufungua ukurasa, hutafuta waya anaoutaka, hufunga kitabu. Hakuna anayekaa kuuhakiki. Lakini una mwandishi, una kanuni, na una jambo ulilolinyamazia, na jambo hilo ndilo linaloliacha lori kimya barabarani Mchinga, pwani ya Lindi.

Tuanze na uzuri wake, yaani rangi. Katika magari mengi ya Kiingereza ya zama zile, waya wa kahawia hubeba umeme wa betri usiokatwa na swichi wala fyuzi. Mweupe hubeba umeme uliokwisha kupita kwenye swichi ya ufunguo. Wa kijani umepita swichi, kisha fyuzi. Mweusi ni eathi. Juu ya rangi hizo hupita mstari mwembamba wa rangi ya pili: mweupe wenye mstari mwekundu hupeleka amri kwenye solenoidi ya stata. Rangi kuu inataja asili ya umeme, mstari unataja uendako. Fundi aliyelala chini ya dashibodi na kipande kimoja tu cha waya mkononi anajua kimetoka wapi na kinakwenda wapi, bila herufi hata moja. Hapa fani haikupamba maudhui. Fani ndiyo maudhui yenyewe.

Sasa tufuate waya wowote hadi mwisho wake. Taa, honi, stata, vyote vinaishia kwenye alama ileile: vistari vitatu vilivyolala, kila kimoja kifupi kuliko cha juu yake. Hiyo ni eathi, na hapo mchoro hunyamaza. Umeme haunyamazi. Unaingia kwenye chuma cha injini, unapita kwenye chesisi, unarudi betri, kwa kuwa bila kurudi hakuna mzunguko. Mwandishi ameidondosha nusu nzima ya safari kwa sababu ya msingi: angechora kila marejeo, ukurasa ungejaa mistari usisomeke. Ila udondoshaji huo umebeba dai kwamba njia ya kurudi haina urefu, haina viungo, haizeeki. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mchoro unatuonyesha tezi na omo kwa rangi zote, ngama haimo.

Dai hilo linaweza kustahimili mahali pakavu. Mchinga iko kwenye ghuba, kaskazini ya mji wa Lindi, katika ukanda wa mabwawa ya chumvi, na upepo wa bahari hauachi chuma kikauke. Injini ya lori nayo imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Marejeo yote ya stata yanategemea mkanda wa shaba uliosukwa, kutoka injini hadi chesisi, bolti moja huku na bolti moja kule. Shaba ikikutana na chuma katika unyevu wa chumvi, kutu huota chini ya bolti, mahali ambapo jicho halifiki.

Hesabu yake ni fupi. Stata ya lori inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kutu yenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu inakula volti 2 katika 12, na kuzigeuza joto la wati 400 kwenye bolti moja. Sasa pima njia hiyohiyo kwa taa ya wati 5. Inavuta ampea 0.4, inapoteza volti 0.004, inang'aa vizuri kabisa. Taa ya kupimia inarudia kosa la mchoro: inathibitisha kwamba njia ipo, haiulizi kama njia inabeba mzigo.

Kwa hiyo barabarani ulikua usomaji mwingine, wa sikio na kiganja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Lindi lilivuka Rufiji kwa kivuko, na kipuri cha kutoka Dar es Salaam hakikuwa kitu cha kungojea kesho. Usomaji huu una utaratibu wake: "Washa taa kubwa. Haya, piga stata!" Taa zikibaki na mwanga wote na stata kimya, huenda amri haijafika, angalia swichi, waya mweupe wenye mstari mwekundu, solenoidi. Taa zikizimika kabisa, shuku kichwa cha betri kilicholegea. Zikififia na stata ikajikokota, betri imechoka au stata imekwama. Ukisikia ta-ta-ta, solenoidi inashika, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Na kama taa zinang'aa ilhali stata inajivuta, na waya wa choki umepata moto, jibu limekuja lenyewe: umeme umekosa mkanda wa eathi, umerudi kwa njia ya choki.

Usomaji huu nao una udhaifu wake, nao ni haraka. Gari likigoma, watu hukimbilia kubusti kwa waya kutoka betri ya gari jingine. Wakibana waya wa eathi kwenye injini yenyewe, wameuruka mkanda mbovu bila kujua. Injini inawaka, betri inalaumiwa, na mwenye lori ananunua betri mpya ambayo kesho yake itagoma vilevile. Dawa ni voltimita: ncha moja kwenye nguzo ya eathi ya betri, nyingine kwenye bodi ya stata, huku msaidizi akipiga stata. Ikizidi nusu volti, ugonjwa uko kwenye marejeo. Kipimo hiki kinafanya kile ambacho mchoro ulikataa, kwani kinausoma mstari ambao haukuchorwa.

Hukumu yangu ni kwamba mchoro ule unastahili sifa zake za rangi, na hauhitaji kuchorwa upya wote. Honi na taa ndogo zibaki na vistari vyake vitatu, kwa sababu mzigo wake ni mdogo na udondoshaji hauzidhuru. Stata ndiyo inayohitaji mstari kamili wa kurudi, pamoja na kila bolti yake kwa namba, kwa kuwa ndiyo inayodai mamia ya ampea. Fundi wa Lindi au Kilwa hana haja ya kungoja kitabu kipya: auongeze mstari huo kwa kalamu yake mwenyewe, kisha ashike spana na msasa, aanze na bolti namba moja.