Damu ya Ngamia Ilivyofichua Chanzo cha MERS

Juni 2012 mwanamume wa miaka 60 alilazwa Jeddah, Saudi Arabia, akiwa na homa kali ya mapafu, akafariki. Daktari Ali Mohamed Zaki alikuza kirusi kutoka kwenye makohozi yake, na maabara ya Erasmus ya Rotterdam ikakitambua: korona mpya, ndugu wa korona za popo, ambayo baadaye iliitwa MERS. Popo wakashukiwa papo hapo. Lakini ni Waarabu wangapi wanaoshinda na popo?

Mtafiti Chantal Reusken na wenzake waligeukia mifugo, na hawakuanza kwa kukisaka kirusi chenyewe. Walitafuta kingamwili, kwa kuwa kirusi hupita puani kwa siku chache tu, ilhali kingamwili hudumu kwenye damu. Ngamia 50 wa Oman walipimwa, na wote 50 walikuwa nazo. Tatizo ni kwamba ngamia hupata pia korona ya ng'ombe, na kipimo kingeweza kuchanganya kingamwili zake na za MERS. Basi wakachanganya damu ya ngamia na virusi hai vya MERS, kisha wakavimimina juu ya seli: seli zikisalimika, kingamwili ni za MERS hasa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliowapima walitoka Ulaya, jambo ambalo kwangu lilikuwa pengo. Liliziba pale mifugo ya Saudi Arabia kwenyewe ilipopimwa, ikaonekana ni ngamia peke yao wenye kingamwili hizo.

Mwaka 2013, ngamia 3 kati ya 14 wa shamba moja Qatar walikutwa na kirusi puani. Jeddah nako, mtu aliyempaka dawa puani ngamia wake mgonjwa alikufa kwa kirusi kilekile, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba ngamia ndio walioanza kuambukizwa.

Popo je? Kipande kifupi mno cha vinasaba kilipatikana kwa popo mmoja wa Bisha, Saudi Arabia. Kwa ushahidi huo, mimi simtii hatiani.

Kilichonishawishi kuliko vyote ni majokofu. Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyotunzwa tangu 1983, na ya Kenya tangu 1992, ilikuwa na kingamwili hizohizo. Kirusi "kipya" kilikuwa kwa ngamia wetu takriban miaka 30 kabla hakijapewa jina. Maabara zetu za mifugo zisitupe sampuli za zamani kwa kisingizio cha kubana matumizi.