Moyo umepata nguvu, saa inanuna

Wenzangu, kuna yaya mmoja hapa Kakontwe aliyenunua saa ya kupima mapigo ya moyo mwezi wa tatu, akaanza sporti: nusu saa kila asubuhi, mbio za polepole, njia ile ile. Mwanzoni saa ilimhesabia karibu dakika zote kuwa za nguvu. Kufika mwezi wa sita, kwa mwendo ule ule, ikampa dakika nane tu, na kalori pungufu. Akaniambia, "Mdogo wangu, nimerudi nyuma." Alitaka kuacha kabisa.

Mimi nasema kosa ni la saa, si la yaya.

Saa haioni mazoezi. Ule mwanga wa kijani unafuata damu chini ya ngozi ili kuhesabu mapigo. Kalori ni makadirio tu. Moyo uliopumzika unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Ukitoa mililita 70 kila pigo, unahitaji mapigo 72 hivi. Mazoezi yakiufikisha mililita 100, mapigo 50 yanatosha. Kazi ile ile, mapigo machache. Sasa saa nyingi zinatoa alama kwa kufuata mapigo, basi anayeimarika ndiye anayekatwa alama! Mwalimu gani anasahihisha jasho la mwanafunzi badala ya jibu? Na kalori je? Mwili wa uzito ule ule, njia ile ile: nguvu inayotumika haijabadilika sana.

Hata mipaka ya hizo "dakika za nguvu" mara nyingi inatoka kwenye hesabu ya 220 kutoa umri, iliyoenea tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208 kutoa umri mara 0.7. Mtu wa miaka 26 anapata 194 kwa ile, 190 kwa hii, na watu wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10 na zaidi. Lakini kioo cha saa kinaandika namba moja, kavu, kama hukumu.

Bon, tusiitupe. Habari njema ya yaya imo humo humo, ila imefichwa ndani ndani: wastani wa mapigo ya kupumzika, wiki baada ya wiki. Yake yameshuka kutoka 78 hadi 66.

Ila yale mapigo ya mbioni nilimwambia asiyashangilie yote. Asubuhi za mwezi wa sita kwetu ni baridi, na kwenye baridi moyo haulazimiki kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kupoza mwili. Mwezi wa kumi joto litayapandisha tena, na atadhani ameharibika. Kama anataka dakika zake zirudi, akaze mwendo au atafute kilima.

Juzi akaniuliza kama anaweza kuiacha saa nyumbani siku za Jumapili. Aiache tu.